Kichwa cha Kodi na Kichwa cha Kura

Lugha ya taifa huhifadhi mambo mengi ambayo vitabu vya historia huyapita kwa haraka. Tuyachukue maneno mawili tu, kodi na kura, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huyatumia bila ya kuyafikiria sana. Kodi ni fedha anayotoa raia kwa serikali yake. Lakini pia, katika Kiswahili hiki hiki, ni fedha anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba. Kura nayo ni chaguo la raia katika uchaguzi. Lakini asili yake ni kile kijiti kilichotupwa ili bahati iamue jambo ambalo watu wameshindwa kuliamua wenyewe. Basi mtu aliyeambiwa alipie kodi nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, juu ya ardhi ya babu zake, hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kilichotokea. Lugha yake mwenyewe ilimwambia kwamba amefanywa mpangaji.

Katika insha hii tunakusudia kueleza safari ya wananchi wa Tanganyika kutoka neno la kwanza hadi kufikia neno la pili. Habari za Unguja na Pemba zina mkondo wake, nazo zinastahili insha yake zenyewe. Hapa tutabaki bara. Hoja yetu ni moja. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu mbili za watu. Ilipotaka kupokea, ilihesabu vichwa, na kila kichwa kikawa sawa na kingine, cha maskini na cha mwenye nafasi. Ilipotakiwa kutoa sauti katika uendeshaji wa nchi, iliacha kuhesabu vichwa ikaanza kupima rangi, elimu na mfuko. Mapambano ya kudai uhuru, kwa sehemu kubwa, yalikuwa ni kudai kwamba kichwa kile kile kilichoandikwa katika daftari la kodi kiandikwe pia katika daftari la kura.

Malipo ya jadi

Tusidhani kwamba malipo kwa mtawala yaliletwa na Wazungu. Kabla ya kuja kwao, pwani ilijua ushuru wa forodhani, na bara ilijua ada walizopewa watemi, mamangi na wakuu wengineo. Misafara ya biashara iliyopita Ugogo na Unyamwezi ilitoa hongo, na neno hili wakati huo halikuwa na aibu iliyonayo leo. Lilikuwa malipo ya wazi ya kupita katika nchi ya wenyewe na kunywa maji yao. Mkulima alimpelekea mkuu wake sehemu ya mavuno, mwindaji alimpelekea pembe moja ya ndovu, na vijana walilima shamba lake siku chache za msimu.

Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za peponi. Walikuwapo watawala wadhalimu, na walikuwapo watumwa ambao hawakuwa na sauti mbele ya yeyote. Hata hivyo, ada ya jadi ilikuwa na sifa mbili ambazo yafaa tuzikumbuke. Kwanza, mtu alitoa katika kile alichokuwa nacho: mtama, ng'ombe, asali, au nguvu za mikono yake. Pili, ada ilikuwa na marejeo. Mwaka wa njaa ghala la mkuu lilitazamiwa kufunguliwa, na mtawala aliyekula bila ya kulisha alijikuta watu wake wamehamia kwa jirani. Miguu ndiyo iliyokuwa kura ya mtu wa zamani.

Kodi ya kibanda na kodi ya kichwa

Serikali ya Kijerumani ilitunga sheria ya kodi ya kibanda mwaka 1897, na utozaji ukaanza mwaka uliofuata. Kibanda cha kijijini kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zilitozwa zaidi kulingana na aina yake. Mwanzoni watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilizidi kudai fedha taslimu. Shabaha zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupata fedha za kuendeshea utawala. Ya pili ni kupata vibarua. Mtu aliyekuwa na shamba lake, mifugo yake na jamaa zake hakuwa na sababu yoyote ya kwenda kutumika katika shamba la mgeni. Kodi ndiyo iliyomtengenezea sababu hiyo.

Waliopita vijijini kuidai walikuwa maakida na majumbe, wakifuatana na askari. Aliyeshindwa kulipa alichukuliwa kufanya kazi za serikali au za walowezi. Katika sehemu za kusini na mashariki mzigo wa kodi ulikutana na mzigo wa mashamba ya pamba ambamo wanakijiji walilimishwa kwa amri, na malipo yake yakawa haba hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, waling'oa mashina ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kodi peke yake haikuvileta vita hivyo, wala dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe peke yake haikuvileta. Vililetwa na jumla ya mambo ambayo watu walitendewa bila ya kuulizwa. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha hesabu hiyo hadi 250,000 au 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Hiyo ndiyo bei ambayo wazee wetu walilipa kwa kusema hapana wakati ambapo hapakuwa na mahali pengine pa kulisemea neno hilo.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walibadili bendera na sarafu, lakini kodi ilibaki. Sheria ya mwaka 1922 ilishika kibanda na kichwa kwa pamoja. Mwenye nyumba alilipia nyumba yake. Mwenye wake wengi alilipia na nyumba za ziada. Na kijana wa kiume ambaye hakuwa na nyumba alilipia kichwa chake. Ili kuipata shilingi hiyo, wanaume wa Kigoma, Songea na Njombe walisafiri mamia ya maili kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Kutokana na namba walizopewa walipoandikishwa, Kiswahili kilipata neno manamba. Mtu alitoka kwao akiwa na jina la baba yake, akafika shambani akiwa namba. Wengi walirudi, wengine walibaki huko huko, na wajukuu wao ni wenyeji wa Tanga hadi leo.

Jambo jingine lilitokea ambalo halionekani upesi, lakini liliharibu mengi. Baada ya Gavana Donald Cameron kuuweka utawala wa kupitia kwa machifu mwaka 1926, machifu walifanywa wakusanyaji wa kodi, na mishahara yao ikatoka katika hazina zilizojazwa na kodi hiyo. Sifa ya pili ya ada ya jadi, yaani marejeo, ikakatika. Mkuu ambaye zamani alitazamiwa kufungua ghala sasa alitazamiwa kufunga watu. Watu hawakuweza tena kumhama kwa miguu, maana popote walipokwenda waliulizwa stakabadhi ya kodi. Karatasi hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ushahidi wa pekee, kwa watu wengi, kwamba serikali inajua kuwa wapo duniani.

Funzo la Upare

Mfano ulio bora kabisa wa wananchi kuunganisha suala la kodi na suala la sauti unatoka katika milima ya Upare. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watawala wa wilaya, kwa kushirikiana na machifu, walianzisha kodi ya ziada iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na mali yake, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Kwa maneno ya karatasini mpango huo ulikuwa wa haki, kwani mwenye nacho angelipa zaidi ya asiye nacho. Lakini Wapare waliuliza swali ambalo karatasi haikulijibu: nani atakayekadiria mali zetu, na sisi tumemchagua lini? Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja kama walivyozoea. Walichokataa ni kupimwa na watu ambao hawawajibiki kwao.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi hapo. Hawakuchukua silaha. Walikaa na kungoja, na siku zikageuka miezi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walisimama, wakawakabili maofisa na kuwaeleza kwamba ama mgogoro umalizwe waume zao warudi nyumbani, ama maofisa hao wazibebe wenyewe dhima za waume hao. Hatimaye mbiru ilifutwa, na mageuzi yaliyofuata yaliwaingiza wawakilishi wa wananchi katika mabaraza ya Upare. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameyaandika mambo haya kwa kirefu, na kazi yake inafaa kusomwa katika kila shule ya sekondari. Miaka tisa kabla ya kuzaliwa kwa TANU, wakulima wa milimani walikuwa wamekwisha kuitambua kanuni ya kwamba mkono unaotoa kodi hauna budi kushika na kalamu ya kuipanga.

Kodi kama mlango wa kura: habari za Marekani

Kabla ya kuendelea na ya kwetu, yafaa tutazame nchi moja ya mbali ambako kodi ya kichwa na kura vilikutanishwa kwa namna nyingine, ili tuone kwamba jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Nchini Marekani, Badiliko la 15 la Katiba la mwaka 1870 lilikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake. Majimbo ya kusini yalitafuta njia ya kuizunguka sheria hiyo. Jimbo la Mississippi, katika katiba yake ya mwaka 1890, liliamuru kwamba anayetaka kupiga kura alipe kwanza kodi ya kichwa ya dola 2, na majimbo mengine ya kusini yakachukua njia hiyo hiyo. Katika Alabama kodi ilikuwa dola 1 na nusu kwa mwaka, na deni la miaka iliyopita lililimbikizwa, hata mtu akatakiwa alipe deni la miaka mingi kabla ya kukikaribia kituo cha kura. Sheria haikutaja Mtu Mweusi mahali popote. Haikuhitaji kumtaja, maana ilijua nani ni maskini. Wazungu maskini nao walifungiwa nje pamoja naye.

Mlango huo ulifunguliwa polepole. Badiliko la 24 la Katiba, mwaka 1964, liliifuta kodi hiyo katika uchaguzi wa serikali ya shirikisho, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri lililotoka Virginia, iliifuta pia katika chaguzi za majimbo. Msomaji aone tofauti na mfanano. Huko mtu aliambiwa: lipa ndipo upige kura. Tanganyika mtu aliambiwa: lipa, na kura haikuhusu. Njia ni mbili, lakini mwisho wake ni mmoja, kwamba mfuko wa mtu ndio uliofanywa kipimo cha uraia wake.

Mizani ya kura

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926. Ndani yake walikuwamo maofisa wa serikali, na pamoja nao Wazungu na Wahindi walioteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Kwa muda wa miaka kumi na tisa watu waliolipa kodi ya kibanda na ya kichwa walijadiliwa, wakakadiriwa na kutungiwa sheria katika chumba ambacho hawakuwa na kiti. Mwishoni mwa mwaka 1945 waliteuliwa Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Nao pia waliteuliwa; hawakuchaguliwa.

Mwaka 1955 serikali ya Gavana Edward Twining ilileta mpango iliouita wa usawa: wajumbe 10 Waafrika, 10 Waasia, na 10 Wazungu. Neno usawa ni tamu, kwa hiyo yafaa tulipime kwa hesabu. Wakati huo Waafrika walizidi milioni 8. Waasia na Waarabu pamoja hawakufika 125,000. Na Wazungu walikuwa karibu 20,000. Basi Wazungu 2,000 walikuwa na mjumbe mmoja, na Waafrika zaidi ya 800,000 walikuwa na mjumbe mmoja. Mwalimu wa hisabati anaweza kuipeleka hesabu hii darasani bila ya kuongeza neno; tarakimu zitajisemea zenyewe. Mwezi Machi mwaka huo huo Julius Nyerere, kiongozi wa TANU iliyokuwa na umri wa miezi minane tu, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York akaeleza madai ya watu wake.

Ndipo ikatungwa sheria ya uchaguzi wa kwanza. Ilikuwa na vizuizi viwili. Kizuizi cha kwanza kilikuwa ni masharti ya mpiga kura: ilimpasa awe na kipato cha kiwango kilichowekwa, au kiwango fulani cha elimu, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima aliyelipa kodi tangu ujana wake hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kizuizi cha pili ni kile ambacho wazee walikiita kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na aliyeacha kumchagua hata mmoja wao kura zake zote ziliharibika. Katika nchi nzima waliojiandikisha walikuwa watu wapatao 60,000. Tusisahau kwamba huko Uingereza kwenyewe sheria ya mwaka 1948 ilikuwa imekwisha kuufuta mtindo wa baadhi ya watu kuwa na kura zaidi ya moja. Kilichoonekana kuwa kibaya London kilionekana kuwa chema Dar es Salaam.

Uamuzi wa Tabora

Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi wa namna hiyo au itaususia. Hasira ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa ya haki. Kukubali kura tatu kulionekana kuwa ni kukubali kwamba watu hupimwa kwa rangi. Kwa upande wa pili, kususia kungekiachia Baraza chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 na kupendelewa na serikali, na sheria za nchi zingetungwa na watu hao. Nyerere aliwasihi wajumbe washiriki, na baada ya mjadala mkali wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama cha ANC. Tusimdharau kwa hilo. Alisema jambo ambalo mioyo ya wengi ilikuwa ikilisema. Tofauti ilikuwa katika njia.

Uamuzi huo ulikuja kuitwa uamuzi wa busara, na busara yake ilionekana upesi. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Lakini TANU ilifanya zaidi ya kubusu. Ilizichukua zile kura tatu zilizokusudiwa kuigawa nchi, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokuwa tayari kusimama na wananchi, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham. Katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda katika nchi nzima, na UTP ikafa.

Lakini waliofanya kazi hiyo ni nani? Hapa ndipo tunapoona jambo linalostahili kutajwa kwa heshima. Wengi waliozunguka mitaani na vijijini kuhimiza watu wajiandikishe hawakuwa na haki ya kujiandikisha wao wenyewe. Wanawake wa Dar es Salaam walioongozwa na Bibi Titi Mohamed, wengi wao wakitoka katika vikundi vya lelemama na wakiishi kwa kuuza vitumbua na maandazi, hawakuwa na mshahara wa kuonyesha wala cheti cha shule. Waliifanya ngoma ya furaha kuwa baraza la siasa. Walichanga senti zao, walikata kadi, walijaza viwanja vya mikutano, na siku ya kura ilipofika waliwatazama wengine wakiingia vituoni. Walipigania kura ambayo hawakuwa nayo, wakitumaini kwamba itawafikia.

Nayo iliwafikia kwa hatua. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa sana, na aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliweza kujiandikisha. Hivyo Kiswahili, lugha ya masokoni na ya ngomani, kikawa ufunguo wa kituo cha kura. Waliojiandikisha walifika watu wapatao 885,000, na kura tatu hazikuwapo tena, ingawa viti 21 kati ya 71 vilitengwa bado kwa Waasia na Wazungu. TANU ilipata viti 70. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais wa kwanza wa Jamhuri, masharti ya mali, elimu na cheo yaliondolewa, na kila raia mtu mzima akapiga kura moja. Waliopiga kura walizidi milioni 1.1. Mtemvu aligombea dhidi ya Nyerere akashindwa kwa mbali; lakini aligombea, na kila kura aliyoipata ilihesabiwa kuwa kura moja kamili. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, daftari la kura la Tanganyika lilifanana na daftari la kodi.

Baada ya uhuru

Ingekuwa vyema tukiishia hapa, lakini historia haiishii pazuri kila mara, na mwalimu anayewaficha wanafunzi sehemu iliyobaki huwanyima haki yao. Baada ya uhuru halmashauri za wilaya ziliendelea kutoza kodi ya kichwa kwa kichwa hadi mwaka 1969, serikali ilipoifuta pamoja na ushuru wa mazao. Halmashauri zenyewe zilivunjwa mwaka 1972. Ziliporudishwa katika miaka ya 1980 ilirudi na kodi ya kila mtu mzima, safari hii ikiitwa kodi ya maendeleo. Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tunakumbuka vizuizi barabarani siku za gulio, na mgambo wakidai stakabadhi, na wanaume wakipita njia za mashambani ili wasikutane nao. Wazee hawakudanganyika na jina jipya. Waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Ilifutwa mwaka 2003.

Tunajifunza nini? Si kwamba kodi ni adui. Shule anayosomea msomaji wa insha hii, barabara iliyomfikisha hapo na dawa za zahanati ya kijijini kwao hazikutoka mbinguni. Tunajifunza kwamba kodi hupata heshima yake kutoka kwa kura. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inayaweka mambo haya mawili mahali pake: ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18, na ibara ya 138 inakataza kutozwa kodi yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Zisomwe pamoja. Ya kwanza bila ya pili ni sherehe tu ya kila baada ya miaka mitano. Ya pili bila ya ya kwanza ni kodi ya mpangaji.

Kwa walimu tuna ombi moja. Wazee waliopiga kura tatu mwaka 1958 wamebaki wachache mno, na wanawake waliocheza lelemama kwa ajili ya kura wasiyokuwa nayo ni wachache zaidi. Lakini wapo bado wengi waliopiga kura ya mwaka 1962, na wapo waliohifadhi stakabadhi za kodi za baba zao ndani ya masanduku ya nguo. Wanafunzi watumwe kwao, wakiwa na daftari na adabu, wawaulize: ulilipa shilingi ngapi, ulimlipa nani, alikupa nini, na siku uliyopiga kura kwa mara ya kwanza ulivaa nguo gani? Majibu hayo yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kura ambayo kijana wa leo huiona kuwa jambo la kawaida, hata akaona uvivu kwenda kuipiga, imeundwa na watu, na baadhi ya waliokiunda chombo hicho hawakuwahi kukipanda.